Hoja Niliyoiua kwa Ung'eng'e Safi

Siku niliyoiua hoja yetu ya taa za barabarani nilikuwa nimevaa tai. Nalitaja mapema ili ijulikane kwamba niliiua nikiwa nimejiandaa.

Mtaa ninaokaa hapa Marekani una chama cha wakazi, na vikao vyake huendeshwa kwa kanuni za Robert, mwongozo wa kuendesha mikutano uliotoka mara ya kwanza mwaka 1876, ambazo utazikuta makanisani hadi kwenye vyama vya wafanyakazi. Utaratibu si mgumu: mtu anatoa hoja, mwingine anaiunga mkono, mwenyekiti anairudia kwa sauti, inajadiliwa, kura. Asipopatikana wa kuunga mkono, imekufia hapo. Nilikariri yote. Nani angenibabaisha mimi, niliyekulia kwenye redio nikisikiliza Bunge la Dodoma, "Mheshimiwa Spika, naomba kutoa hoja" na "naafiki" zake?

Mama jirani, Mkenya aliyetangulia kufika huku miaka mingi, alikuwa amezunguka nyumba kwa nyumba akikusanya saini. Akasoma hoja, ikaungwa mkono, akanitupia jicho: zamu yako. Nilikuwa na kurasa nne. Nikasimama, nikafunga kifungo cha koti, nikaona kurasa nne haziingiwi hivi hivi bila hodi. Bungeni kwetu nyaraka huwasilishwa mezani, na Waingereza nao, kwao ku-"table" hoja ni kuileta mbele ya kikao ijadiliwe. Basi nikanguruma: "Madam Chair, I move that this motion be tabled!"

Kimya. Halafu kutoka kona ya nyuma, mzee mmoja, mpinzani mkuu wa taa kwa kuwa moja ingemulika chumba chake cha kulala, akadakia kuniunga mkono: "Second!"

Jamani, nilitaka kulia. Ufasaha umemlainisha hadi huyu! Nikamwinamia kidogo, nikafungua ukurasa wa kwanza, nikavuta pumzi. Mwenyekiti akagonga nyundo: hoja ya namna hii haijadiliwi, tunapiga kura. Wenzetu hawapotezi muda, nikasema moyoni, nikanyoosha mkono juu kuliko wote. Baadhi ya watu wetu waliponiona wakanyoosha pia; mwenye tai kanyoosha, nani abishe? Kura 14 kwa 11. Mzee akanipigia makofi. Mama jirani aliniangalia kama mtu anayeona gari lake likiburutwa na polisi.

Kwa Wamarekani, ku-"table" ni kuilaza hoja kwenye meza ya katibu na kuiacha huko. Ni silaha tamu kwa anayetaka kuua jambo: inataka mtu mmoja wa kuunga mkono na wingi wa kawaida tu, wala hairuhusu mjadala hata wa sentensi moja. Yule mzee angetaka kutufunga mdomo kwa hoja ya kusitisha mjadala, angehitaji theluthi mbili ya kura, ambazo hakuwa nazo. Mimi nilimpunguzia bei, na kura yangu nikamwongezea. Churchill ameandika kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili maofisa wa Uingereza na wa Marekani walizozana kwa muda mrefu juu ya neno hilo hilo, kumbe wote wanataka kitu kimoja. Wao angalau walikuwa na Hitler wa kumsingizia.

Dawa ipo: unatoa hoja ya kuitoa ile mezani, na wingi wa kawaida unatosha. Ila haiamshwi papo hapo, lazima kwanza kikao kimalize jambo jingine. Basi tukakaa tukijadili ununuzi wa viti vya kukunja. Robert mwenyewe, mwanajeshi, alianza kuzichimba kanuni baada ya kuaibika akiongoza kikao cha kanisani mwaka 1863; nilimwaza kwa upendo muda wote wa viti.

"Mama, sasa niombe itolewe mezani?" nikanong'ona. Masikioni mwangu ilikuwa kama naomba itupwe jalalani.

"Ndugu yangu, wewe kaa. Nikiinua mkono, inua. Nikishusha, shusha."

Akaitoa mezani yeye, kura 15 kwa 10. Mwenyekiti akauliza kama kuna anayetaka kuchangia. Nikapapasa kurasa zangu nne. Chini ya meza, kisigino cha kiatu kikatua juu ya mguu wangu.