Unaonja, halafu eti unatema

Jamani nauliza tu, ukimimina mvinyo ukafika hata nusu glasi kuna anayekufa? Leo shemeji kanialika kuonja mvinyo, tena wa zabibu ambazo eti hazijulikani sana, nami nikavaa shati jeupe la mikono mirefu, kufika nakuta watu wazima wanazungusha glasi utafikiri kuna kitu kimedumbukia ndani. Unamiminiwa tone, unalinusa, unalisukutua, unaambiwa tema. Na ndoo ipo kabisa. Yaani mtu kalima, kachuma, kafungia kwenye pipa miaka, mimi niteme?

Mmiminaji sasa. Kaanza na Xinomavro ya Ugiriki, kanisimamia pale, "Unahisi nini?" Nikamwambia nahisi kiu. Hakucheka. "Hupati nyanya? Zeituni?" Kaka, ningetaka nyanya si ningekula nyanya? Akaongeza tone, nisubiri ifunguke. Nikasubiri. Fizi zimekauka, ulimi umegoma kugeuka, ananiambia hiyo ndo tanini yenyewe, ule ukakasi wa zabibu, na anatabasamu! Nikajikaza, nikakohoa kistaarabu, nikasema nadhani napata mbao. "Mbao za pipa jipya au la zamani?" Mi seremala? Watu wameshaanza kusogea wasikie jibu, nikasema la katikati. "La katikati ya nini?" Hapo heshima ikanitoka, nikachukua chupa mwenyewe nikajaza glasi nikameza yote mbele yao, kuna mama akashika kifua.

Kinachoniuma zaidi ni zabibu ya Carmenere. Mmiminaji huyohuyo kanihadithia kwa mdomo wake kwamba Chile waliipanda karne ya 19 wakaichanganya na zabibu nyingine, Merlot, wakaiuza kama Merlot mpaka 1994, Mfaransa mmoja Jean-Michel Boursiquot alipopita shambani akaikagua mizabibu akasema hii sio Merlot. Miaka zaidi ya 100! Wenye shamba hawajui wanachokunywa, mimi mwenye tone moja ndo nitaje umri wa pipa??

Saperavi ya Georgia, hii ya Tbilisi, niliielewa. Nyeusi tii, maana hata nyama ya ndani ya zabibu yake ni nyekundu, shati langu ni shahidi. Pecorino wakanipa, zabibu yenye jina sawa na jibini ya Italia, wakaniambia sio ile jibini. Sikuuliza.

Zabibu ya Gouais Blanc haikuwepo hata mezani, ndo nikaambiwa vipimo vya DNA vimeonyesha ni mzazi wa zabibu ya Chardonnay, kaizaa na zabibu nyingine, Pinot. Enzi zile ilikua zabibu ya wakulima, wakubwa wanaibeza. Mtoto leo anajulikana dunia nzima, mzazi hata kwenye sherehe ya wasiojulikana haalikwi! Nikamwangalia shemeji. Maana na yeye toka apandishwe cheo simu ya mama yake anapokea akijisikia, na mama mkwe akimkosa anampigia nani? Mimi. Saa tano usiku, rimoti haishiki, ananiuliza abonyeze wapi, namwambia mama badilisha betri, anasema betri zipi, kwani zina betri