Fundi, bana breki kabla ya kunirudishia pikipiki!

Jana nimetoka garaji hapa Bukavu, nimebadilishiwa pedi za breki ya mbele. Nalipa, fundi ananiambia, "Iko sawa kabisa, papa." Nashuka mteremko wa Kadutu, nimembeba mama mwenye mtoto mgongoni, nabana breki: mkono wa breki unaenda hadi kwenye usukani, na pikipiki haishiki! Ya nyuma ndiyo iliyotuokoa.

Kazi gani hiyo? Ukiweka pedi mpya, lazima usukume ndani pistoni, kile kichuma kinachosukuma pedi. Basi breki haitashika mpaka ubane mkono mara kadhaa, mafuta ya breki yairudishe pistoni nje hadi pedi ziguse disko, lile sahani la chuma la gurudumu. Sekunde chache tu! Halafu isukume pikipiki kwa mikono, bana, uone gurudumu linasimama au la. Na ukifungua gurudumu la nyuma, angalia nati ya kukazia breki na ile pini ndogo ya kuzuia bolti isilegee. Mimi nimeshakuta haipo.

Mji wenyewe ni vilima vitupu. Siku hizi sitoki garaji kabla sijabana mwenyewe, fundi anune asinune. Yule mama hajui pedi ni nini, ameniamini mimi.