Tangazo lenu limelala wapi leo?

Kila kampuni inaponaswa na tangazo lake kwenye ukurasa wa chuki, utetezi huwa uleule: "Hatukujua." Ninaamini kabisa kwamba hawakujua. Kwangu hilo ndilo kosa lenyewe.

Nafasi nyingi za matangazo mtandaoni huuzwa kwa mnada unaoendeshwa na mitambo wakati ukurasa unafunguka, kwa muda wa karibu sehemu ya kumi ya sekunde. Anayelengwa ni mtu, si ukurasa. Mtu akitazama viatu dukani mtandaoni, tangazo la viatu litamfuata hadi kwa wachochezi. Akipiga picha ya skrini, nembo na matusi vimekaa pamoja, na sehemu ya fedha ya kampuni imeshaingia mfukoni mwa mwenye tovuti.

Wengi hukimbilia orodha ya kuzuia, yaani ya tovuti ambazo tangazo lisionekane. Haitoshi, maana tovuti iliyozuiwa leo kesho itafunguliwa kwa jina jingine. Kuzuia kurasa zenye maneno fulani kunaumiza hata wasio na hatia: mwaka 2020 kampuni nyingi zilizuia neno "coronavirus", na magazeti yaliyokuwa yakiuhabarisha umma yakakosa mapato wakati wasomaji wao wameongezeka.

Mimi nasimama na orodha ya kuruhusu, yaani tangazo lionekane kwenye tovuti zilizochaguliwa tu. Mwaka 2017, benki ya JPMorgan Chase ilipunguza tovuti zilizobeba matangazo yake kutoka kama 400,000 kwa mwezi hadi kama 5,000 zilizokaguliwa na binadamu, na matokeo hayakubadilika sana. Kwa hiyo hofu ya kupoteza wateja isitumike kama kisingizio.

Nyinyi wenye kampuni, mdaini wakala anayewanunulia nafasi za matangazo ripoti ya tovuti moja moja, msikubali ya makundi. Ipangeni kwa kiasi cha fedha kilicholiwa, kisha mzifungue za juu na kusoma kurasa za ndani, kwa kuwa ukurasa wa mbele hupambwa. Halafu andikeni /ads.txt mwishoni mwa anwani ya tovuti; litafunguka faili ambamo mwenye tovuti anataja walioruhusiwa kuuza nafasi zake. Kila mstari unataja mfumo wa mauzo, namba ya akaunti, na neno DIRECT (akaunti ni ya mwenye tovuti mwenyewe) au RESELLER (ni ya muuzaji wa kati). Namba iliyo kwenye ripoti yenu isipokuwemo humo, yaelekea mliuziwa jina la bandia. RESELLER zikijaa, fedha zenu huenda zinapita mikono mingi msiyoijua. Lakini faili hili linathibitisha muuzaji tu. Tovuti ya chuki nayo inaweza kuwa nalo, tena limenyooka.

Panapovuja mara nyingi ni hapa: orodha inafungwa kwenye kampeni moja, mwezi unaofuata kampeni mpya inaanza bila orodha yoyote, na hakuna anayegundua mpaka picha isambae. Ifungeni kwenye akaunti nzima, na mkataba utamke kwamba tangazo likitokea nje ya orodha, wakala halipwi.