"Punguza wanga", kiasi gani?

Kwenye kadi ya kliniki ya wifi yangu, mwenye kisukari cha mimba, chini ya majibu ya sukari, pameandikwa kwa kalamu nyekundu: PUNGUZA WANGA. Pamepigiwa mstari, tena miwili. Ushauri wa lishe ulianzia hapo na ukaishia hapo. Hakuna aliyemuuliza nyumbani mnakula nini, anayepika ni nani, na huo ugali wa usiku ni mkubwa kiasi gani. Kaambiwa apunguze, kapewa tarehe ya kurudi, anayefuata aingie.

Tarehe ikafika, nikamsindikiza. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikasoma 5.8 (milimoli kwa lita), wakati mjamzito anatakiwa awe chini ya 5.3. Nesi akamtazama, akasema kwa sauti ya kusikika benchi zima: "Mama, wewe unakula kwa siri. Mashine haidanganyi."

Wajawazito wengine wakainamisha macho kwenye simu zao. Hiyo ndiyo sababu leo mnasoma haya badala ya ile makala ya bei ya gesi niliyowaahidi.

Sasa niwaambie alichokuwa anakula kwa siri. Wifi, kwa kuogopa, hakupunguza wanga; aliuacha kabisa. Ugali hagusi, wali hagusi, asubuhi chai kavu. Mchana kabichi na yai, usiku mchicha na dagaa. Ikifika saa kumi jioni anatetemeka, kichwa kinamgonga, na mama mkwe wake (ambaye ni mama yangu mzazi, kwa hiyo malalamiko yote nayapata kwa simu, kwa urefu) anauliza mtoto huyo tumboni atakua kwa majani. Na kwa mara ya kwanza maishani mwangu ikabidi nikubaliane na mama kwenye suala la chakula. Mjamzito, awe na kisukari asiwe nacho, anahitaji wanga usiopungua gramu 175 kwa siku. Ukimnyima, mwili unageukia mafuta, ketoni (tindikali zinazotokana na mafuta yakichomwa) zinapanda kwenye damu, na hizo hakuna daktari anayezitaka zimfikie mtoto. Kwa hiyo "punguza" ina mwisho wake chini, kama ilivyo na mwisho wake juu. Kadi haisemi lolote kati ya hayo mawili.

Halafu hiyo 5.8. Mtu amelala, hajala kitu tangu saa mbili usiku, sukari ya alfajiri imetoka wapi? Sehemu kubwa imetoka kwenye ini lake mwenyewe. Usiku ini humwaga sukari kwenye damu ili mwili usizimike, na insulini ndiyo inayotakiwa kulizuia lisizidishe. Kwa mjamzito, kondo la nyuma linatoa homoni zinazoifanya insulini hiyo isisikilizwe, na kadiri mimba inavyokua ndivyo hali inavyozidi. Ndiyo maana kipimo cha kunywa maji ya glukosi hufanywa kati ya wiki ya 24 na 28, si mwezi wa pili. Wapo wanawake watakaokula kwa mizani, kila kitu sawasawa, na alfajiri mashine isome juu vilevile. Huyo dawa yake si kusemwa. Dawa yake ni dawa: insulini, au vidonge vya metformini, kadiri daktari atakavyoona.

Na hapa ndipo hasira yangu ilipo. Ukimwambia mwanamke "punguza" bila kumpa kiasi, umejiachia nafasi ya kumlaumu daima. Sukari ikishuka, ushauri wako umefanya kazi. Ikipanda, hajapunguza vya kutosha. Hana pa kujitetea, kwa sababu hukumpa kipimo ambacho angeweza kusema "nilikifuata". Lakini akija na daftari limeandikwa jana usiku gramu 45, juzi gramu 45, na asubuhi zote mbili imesoma juu, basi mjadala wa kula kwa siri umekufa. Tunajua chakula si mkosaji, na tunajua leo, si baada ya wiki nne nyingine za mtoto kunenepa tumboni kwa sukari ya mama yake. Watu wanadhani kuhesabu wanga ni adhabu. Kwa wifi yangu kuhesabu ndiko kulikomrudishia ugali.

Kaka yangu, mtu wa suluhisho za haraka, alikuwa ameshapakua mpango wa mlo wa Kimarekani, kurasa nzuri zenye picha. Brokoli, kwinoa, zabibu pori, mkate wa nafaka nzima kipande kimoja. Kwinoa, nafaka ya ng'ambo. Hapa Tabata, Dar es Salaam.

Sisi tulianzia kwenye mfuko wa unga. Kilo ya sembe, gramu 750 hadi 800 kati yake ni wanga mtupu. Maji hayana wanga, kwa hiyo usihangaike na ugali ulioiva una uzito gani. Hesabu unga ulioingia sufuriani. Usiku pale kwa mama husongwa robo tatu ya kilo kwa watu sita. Gawanya: kila mmoja anapata zaidi ya gramu 90, hapo mmegawana sawa, jambo ambalo halijawahi kutokea kaka yangu akiwa mezani. Gramu 90 kwa mlo mmoja ni zaidi ya nusu ya ile 175 ya kutwa, zote zinaingia kwenye damu kwa mpigo. Hapo hata asiye nesi anaona tatizo.

Wataalamu huuhesabu wanga kwa mafungu ya gramu 15. Tulimpangia wifi mafungu matatu usiku, yaani gramu 45, yaani unga kama gramu 60. Nikaenda kwa Mangi mwenye duka anipimie gramu 60 za sembe kwenye mizani yake ya dijitali. Akaniangalia. "Dada, mmeanza kufuga vifaranga?" Unga ule tukausonga kwenye kisufuria cha uji, mgumu kama wanavyoupenda wenyewe, ukatoka donge la ukubwa wa ngumi ya mwanamke, tena ngumi ya mwanamke mwembamba. Tukalishindilia kwenye kibakuli cha plastiki cha kachumbari, kile cha bluu, likajaa hadi ukingoni. Basi, mizani kazi yake ikaisha. Tangu siku ile mama anasonga ugali wa nyumba nzima kama kawaida, anachota wa wifi kwa kibakuli cha bluu, anaupindua kwenye sahani yake. Mboga jaza utakavyo. Samaki, dagaa, yai, hivyo havina wanga wa kukusumbua. Maharage yanao, yahesabu.

Chapati ni hesabu hiyohiyo. Kilo ya ngano ukitoa chapati 15, kila moja ina kama gramu 50. Ukitoa 10, zile za kuonyesha kwamba nyumba hii haina njaa, kila moja ina 75. Mpishi yeyote anajua kilo yake hutoa ngapi; hajawahi tu kuambiwa kwamba hiyo nayo ni hesabu ya kliniki.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba takwimu zenyewe zipo, na za hapa hapa. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na shule ya afya ya Harvard walitoa majedwali ya vyakula vya Tanzania: ugali humo, mihogo humo, kisamvu humo, kila kitu kwa gramu mia. Kazi ya maana sana. Kwa Kiingereza. Kuyatoa mle ndani mambo ishirini tunayokula kweli, ukayaandika kwa vibakuli na idadi ya chapati kwa kilo, kwenye ukurasa mmoja wa kubandika jikoni, ni kazi ya mchana mmoja wa mtaalamu wa lishe. Kule kwetu sijauona ukurasa huo ukutani. Nimeona matangazo ya kuzima simu.

Haya, niseme na upande wa pili kabla hamjanivamia kwenye maoni. Najua nesi ana foleni inayoanzia getini. Najua kuna kanuni ya sahani: nusu mboga, robo wanga, robo samaki au nyama, na ni nzuri kuliko wino mwekundu. Kwa anayekula wali kwenye sahani yake peke yake itamsaidia. Kwa anayemega ugali wa mlima kwenye sinia moja na mawifi watatu, robo ya nini? Na ndiyo, si kila mtu ataandika daftari. Nakubali. Lakini wapeni kwanza ndipo mseme hawataki.

Mengine haraka haraka. Dona ni bora kuliko sembe kwa sababu ya nyuzinyuzi, lakini wanga wake haujapungua kihivyo, kwa hiyo kibakuli ni kilekile. Muhogo wa kuchemsha una karibu mara mbili ya wanga wa kiazi kitamu kwa uzito uleule, hata kama shangazi anasema ni chakula cha asili. Asali ni sukari. Juisi ya embe "isiyo na sukari" ina embe tatu. Soda chupa moja ina zaidi ya gramu 30, mafungu mawili na huna hata kitu tumboni. Futari ni mtihani wake peke yake, nitauandikia Ramadhani ikikaribia.

Asubuhi ndipo pa kuangalia zaidi, maana ndipo mwili wa mjamzito unapoisikiliza insulini kwa shida kubwa. Wifi tulimwekea gramu 30 tu: nusu chapati au kiazi kitamu cha wastani, yai, chai isiyo na sukari. Kitafunio saa nne, kingine jioni, na kidogo kabla ya kulala, kikombe cha maziwa na karanga, asije akakaa na njaa usiku kucha. Mpaka hapo bado anakula wanga mwingi kuliko alivyokuwa anakula "kwa siri", na masomo yake ya saa moja baada ya kula yanakaa chini ya 7.8 siku nyingi. Ya alfajiri yalibaki juu. Daftari likaenda kwa daktari, daktari akalisoma, akamwanzishia insulini ya usiku. Hakuna aliyemkaripia.

Bei ya stripu za kupimia sitaigusa leo, nitatukana.

Niulize moja tu kwa wahusika. Mwenye kisukari cha mimba anatakiwa apimwe tena kati ya wiki ya 6 na ya 12 baada ya kujifungua, kwa sababu wengi wao kisukari cha kudumu kinawasubiri mbele. Wengi hawarudi, na lawama, bila shaka, ni zao. Lakini chanjo za mtoto ni wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Huyo mama atakuja mwenyewe, kambeba mtoto, atakaa benchi lilelile. Wiki ya 6 mwambieni kwamba akija ya 10 asinywe chai. Halafu mpimeni.