Karatasi za Serikali Zina Dhahabu?

Kuna ofisi moja ya serikali hapa Arua, Uganda, imebandika ubaoni jina la aliyeshinda zabuni ya rimu za A4, pamoja na bei. Nimeisoma mara mbili. Kila rimu imepita bei ya rejareja ya dukani! Yaani anayechukua mamia ya rimu anatozwa zaidi ya mama anayemnunulia mtoto wake moja ya shule. Hongera sana.

Na hii si barabara wala bwawa la umeme, ambapo wataalamu wanaweza kutuchanganya kwa michoro. A4 ya gramu 80 ni ile ile, uinunue Nasser Road, mtaa wa wachapaji kule Kampala, au hapa sokoni. Bei yake inajulikana na kila mtu, isipokuwa serikali.

Mtasema ufisadi. Upo, nani anabisha? Mabati ya Karamoja ya 2023, yaliyokuwa ya maskini yakaishia kwa wakubwa, hatujayasahau. Lakini nilimuuliza mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ofisi kwa nini yeye haombi zabuni hizi, na bei zake ni nzuri. Akacheka.

"Mwanangu, nikishawapelekea mzigo, watoto wangu wale LPO?" Yaani ile hati ya serikali ya kuagiza mzigo.

Basi piga hesabu naye. Anakopa benki kwa riba inayouma, anapeleka karatasi Septemba, ankara inapokelewa na kugongwa muhuri. Kisha ni njoo kesho. Mhasibu yuko semina. Fedha za robo mwaka hazijatoka Kampala. Juni 30 inafika, mwaka wa fedha unafungwa, na deni lake linatupwa kwenye lile rundo la malimbikizo ambalo limeshafika matrilioni ya shilingi. Benki haina habari na hayo. Inataka chake kila mwezi. Mwenye akili atafanya moja kati ya mawili: akae mbali, au apandishe bei ilipie na kusubiri. Wanaobaki ni wachache wenye mifuko mirefu, wanajuana, wanapishana kwa zamu. Halafu tunaandika kwenye faili kwamba kulikuwa na ushindani.

Sawa, mfumo wa ununuzi wa kielektroniki umesaidia kidogo, nakubali shingo upande. Angalau matangazo hayafichwi droweni tena. Ila kuomba kwa kompyuta na kulipwa kwa nenda rudi, faida yake iko wapi?

Jambo jingine. Dawa tumeweza kuzinunua kwa pamoja kupitia National Medical Stores, bohari ya dawa ya serikali; malalamiko yapo lakini zinanunuliwa kwa wingi. Karatasi, wino wa printa na matairi, kila wilaya na zabuni yake ndogo. Sielewi.

Mimi naomba kitu kimoja tu kwenye ule ubao. Kando ya jina la mshindi na bei, waongeze safu mbili: mzigo ulipokelewa lini, na alilipwa lini. Wasipoijaza ile ya pili, wafanyabiashara wa hapa watajua wenyewe bei ya kuandika.