Mkono kuvimba si kuwa na TB, jamani

Mie hii mambo imenichosha. Mtu achomwa kile kipimo cha ngozi, mkono wavimba, na kabla jua halijatua Kisauni yote ishajua "ana TB", kikombe chake chatengwa, na mwenyewe hata kukohoa hakohoi. Juzi nasikia kuna tajiri ataka mpishi wake apimwe hivo, ukivimba hakuna kazi. Haki kweli?

Hebu tuelewane. Unachochomwa pale ni tuberkulini, yaani protini zilizochujwa kutoka kwa bakteria wa kifua kikuu, hakuna kidudu hai hata kimoja. Kama mwili ushawahi kukutana na protini hizo, kuna seli za T, askari wa kinga walio kwenye damu, zinazozikumbuka, zinakuja pale polepole na kutoa kemikali ya kuita wenzao, ndo maana ngozi yawa ngumu baada ya siku mbili tatu, si saa ileile. Kinachosomwa ni kumbukumbu tu. Kama bakteria wamelala, wameamka ama walikufa zamani, mkono haujui.

Tena wengi wetu tulichanjwa BCG, ile chanjo ya TB, tungali wachanga, kovu hilo hapo mkono wa kushoto. BCG ni bakteria wa TB ya ng'ombe, wanasayansi Calmette na Guérin walimkuza maabara Ufaransa tangu 1908 mpaka 1921, wakimhamisha chakula kipya mara 230 hivi hadi makali yakaisha, lakini udugu na TB ya watu bado upo, kwa hivo seli zaweza kuvimbisha mkono kwa sababu ya chanjo tu. Utamu ni kwamba katika kuhamishwa kule alipoteza kipande cha jeni chenye protini mbili, ESAT-6 na CFP-10. Siku hizi kuna kipimo cha damu, seli zako zinaonyeshwa protini hizo halafu inaangaliwa kama zitatoa intaferoni gama, ile kemikali ya kuita wenzao, na hapo BCG haileti fujo. Ila nacho pia hakikwambii kama unaumwa sasa.

Mimi ninaowaogopea ni wale wasiovimba. Mwenye VVU ambaye CD4, yaani hizo seli za T za kinga, zimeshuka sana, ama mtoto aliyekonda kwa utapiamlo, aweza kuwa na TB kamili na mkono ukabaki laini, manake seli za kuitikia zenyewe hazitoshi. Huyo tajiri angempa kazi siku hiyohiyo, wakati makohozi hakuna aliyeyapima, na dawa zenyewe hospitali za serikali ni bure.