Kigango hakikuchongwa ili kidumu

Denver Museum of Nature & Science ya Marekani ilipotangaza mwaka 2014 kwamba itairudishia Kenya vigango 30 vya Wamijikenda, yaani mbao za kuchongwa zinazosimikwa kwa ajili ya wazee waliofariki, wengi walidhani kesi imekwisha. Kumbe ndipo swali gumu lilipoanza: vikisharudi, viwekwe makumbusho au visimikwe tena ardhini, mvua na mchwa vivimalize?

Wanaotaka vihifadhiwe wana hoja nzito. Wezi walioving'oa mara ya kwanza wanaweza kurudi kuving'oa tena, na zipo koo zilizoshika Uislamu au Ukristo ambazo hazitaki hata kusikia habari za tambiko. Zaidi ya hayo, vigango vingi vilivyouzwa ng'ambo havina maandishi yanayoonyesha vilitoka kwa nani.

Hata hivyo, hoja hiyo huanza kwa kukiona kigango kuwa kazi ya sanaa. Kwa Wagiriama, mojawapo ya jamii za Wamijikenda, kigango husimikwa kwa ajili ya mzee aliyekuwa wa Gohu, chama cha siri cha wazee wenye hadhi, mara nyingi baada ya koma yake, yaani roho ya marehemu, kumjia mmoja wa jamaa ndotoni au baada ya maradhi kuiandama nyumba, mganga akaeleza kwamba mzee anadai haki yake. Ubao huo mrefu, wenye kichwa cha mviringo na nakshi za pembetatu mwilini, hufungwa vitambaa, humwagiwa pombe ya mnazi, na mzee huombwa atulie. Tangu hapo haufai kuhamishwa. Ukoo ukihama, kigango hubaki palepale kikaoza, na kuoza huko hakumvunjii mzee heshima. Kinachomvunjia ni kung'olewa. Wakusanyaji walivikuta vimeinama vichakani wakasema vimetelekezwa, kana kwamba kaburi lililoota nyasi ni mali ya mpita njia.

Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja kando ya vigango viwili alivyowasimikia ndugu zake. Muda mfupi baadaye viliibwa, na jamaa wakayahusisha masaibu yaliyowapata na wizi huo. Picha hiyohiyo ndiyo iliyokuja kuvitambulisha Marekani, kimoja katika Illinois State Museum na kingine katika Hampton University. Viliporudishwa, mzee alikuwa keshafariki, kwa hiyo aliyetambuliwa haki yake katika makabidhiano yale alikuwa naye marehemu, jambo ambalo taarifa nyingi za sherehe hizo hulipita haraka mno.

Familia inapojulikana, basi, sioni cha kubishania: irudishiwe, hata kama itakiacha kioze. Ugumu uko kwa visivyo na mwenyewe anayejulikana, kwa kuwa kukisimika kigango katika uwanja wa ukoo mwingine ni kuwabebesha watu koma wasiyoijua. Hivyo makumbusho yavitunze, lakini kama amana, kwa kushauriana na wazee wa kaya, yaani misitu mitakatifu ya Wamijikenda, na bila kuvipanga ukumbini ili watalii wapige navyo picha.